Bomba bovu mjini, nyasi zinakufa baharini

Masika yakikolea, katikati ya Dar es Salaam kuna mambo hayahitaji kutangazwa. Mfuniko wa chemba unaanza kuchezacheza, maji meusi yanabubujika, wenye maduka wanapanga matofali ili wateja wavuke, na abiria wa bodaboda wanakunja miguu wakipita. Simu inapigwa kwa mamlaka ya maji, mafundi wanafika, wanazibua, mtaa unakauka. Habari ikiandikwa huwa ya kero: harufu, nzi, hofu ya kipindupindu. Baada ya siku mbili imesahaulika.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba maji yale hayakuishia pale. Yaliingia mtaroni, mtaro ukayapeleka Mto Msimbazi au moja kwa moja ufukweni. Na chemba inayofurika ina nafuu kwa sababu inaonekana. Jirani yake, chini ya lami, kunaweza kuwa na bomba lililopasuka miaka mingi iliyopita, linavujia mchangani usiku na mchana na hakuna wa kulalamika.

Siku hizi uhifadhi wa bahari una shughuli zinazopendwa na kamera. Watu huvaa fulana za sare, hushika miche ya mikoko, hupiga picha wakiwa wamezama topeni hadi magotini. Wengine huotesha matumbawe kwenye vitalu chini ya maji. Ni kazi nzuri na inastahili sifa. Lakini pwani yenye mji, kazi ya kwanza ya kuhifadhi bahari ni ya fundi bomba. Isipofanyika hiyo, matumbawe mapya yanaoteshwa kwenye maji yaleyale yaliyoua ya zamani.

Bomba linavyozeeka

Mtandao wa majitaka ni mteremko uliofukiwa. Uchafu hushuka wenyewe kutoka chooni hadi bomba la mtaa, kutoka bomba la mtaa hadi bomba kuu, na pale ardhi inapokuwa tambarare pampu huupandisha ili uanze kushuka upya. Miji mingi ya pwani duniani ililaza mabomba ya udongo wa kuchoma, ya zege, au ya saruji iliyochanganywa na asbesto.

Bomba la udongo wa kuchoma lenyewe halina haraka ya kufa. Kinachokufa ni maungio yake. Ardhi ya mchanga hucheza, malori hupita juu, mzizi wa mti unanusa unyevu na kupenya penye nafasi ndogo kuliko uzi. Mwaka wa kwanza ni uzi, mwaka wa kumi ni kichaka ndani ya bomba. Zege nalo lina adui wake. Majitaka yaliyokaa muda mrefu hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hupanda hadi upande wa juu wa bomba, bakteria wanaoishi hapo huigeuza kuwa asidi ya salfa, na asidi huila dari ya bomba polepole hadi siku barabara inapodidimia. Joto huharakisha jambo hilo, kwa hiyo miji ya ukanda wetu ina sababu ya ziada ya kulikagua zege lake mapema.

Bomba lenye nyufa hufanya kosa mara mbili. Wakati wa kiangazi, majitaka hutoka: yanazama mchangani, yanafika kwenye maji ya ardhini, na maji hayo yanaelekea baharini. Wakati wa mvua, maji ya ardhini hupanda na kuingia ndani ya bomba. Mtambo uliojengwa kupokea kiasi fulani kwa siku unajikuta unapokea mara mbili au tatu yake, na sehemu kubwa ni maji ya mvua ambayo hayakuwa na haja ya kupita hapo. Msimamizi wa zamu ana machaguo mawili mabaya: uchafu urudi majumbani mwa watu, au afungue mlango uende baharini. Karibu kila mahali duniani, hufungua mlango.

Pwani kuna la tatu. Bamvua likijaa, maji ya chumvi nayo hutafuta nyufa. Chumvi hula vyuma vya pampu na kuwasumbua bakteria wanaotegemewa kusafisha majitaka mtamboni.

Kinachoumiza bahari

Watu wengi wakisikia majitaka baharini hufikiria vijidudu, na ni haki yao, maana muogeleaji na mla chaza wote wako hatarini. Ila kwa viumbe wa baharini sumu kubwa ni kitu ambacho shambani huitwa mbolea: naitrojeni na fosforasi.

Chukua nyasi bahari. Hizi si mwani. Ni mimea kamili yenye mizizi, majani na maua, na ndiyo malisho ya kasa na nguva, na makulio ya kamba na samaki wadogo kama tasi. Kama mmea wowote, zinahitaji jua. Naitrojeni ikizidi, vimea vidogo vya kijani huongezeka ndani ya maji hadi maji yanakuwa mazito. Mwani mwingine hushikamana na jani la nyasi lenyewe na kulivika koti. Mwanga haufiki chini. Nyasi za kina kirefu hufa kwanza, kisha mpaka wa kifo unasogea kuelekea ufukweni, na matope yaliyokuwa yameshikwa na mizizi yanaachiliwa na kuzidi kuyachafua maji.

Matumbawe huumia kwa njia inayofanana na hiyo, na Zanzibar ina ushahidi wake. Mwaka 1995 watafiti, akiwemo hayati Profesa Adelaida Semesi, bingwa wa mwani kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti uliofanyika kwenye miamba iliyo mbele ya mji wa Zanzibar. Waliangalia mwani mgumu wa rangi ya waridi unaojenga chokaa na kuunganisha mwamba wa matumbawe. Kadiri walivyokaribia majitaka ya mji, ndivyo walivyoukuta umepungua, na fosfeti ndiyo iliyoonekana kuuzuia kujenga chokaa. Mwamba usio na mwani huo hubomoka kirahisi, na mbegu za matumbawe hukosa mahali pazuri pa kushika.

Ghuba iliyofufuka

Je, ukiziba, bahari hurudi? Jibu lenye vipimo vya muda mrefu linapatikana Florida, Marekani, katika Ghuba ya Tampa.

Katikati ya karne iliyopita ghuba hiyo ilikuwa aibu. Jiji la Tampa lilikuwa na mtambo, lakini ulikuwa wa kuchuja tu: yabisi zinazama, maji yaliyobaki yanaingia ghubani na naitrojeni yake yote. Mwani ulirundikana ufukweni na kuoza mbele ya nyumba za matajiri, na harufu iliwafikia. Nyasi bahari zilizokuwa zimefunika karibu hekta 16,400 mwaka 1950 zilikuwa zimebaki takriban hekta 8,800 mwaka 1982.

Wananchi walipiga kelele, na mwaka 1972 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyotaka majitaka yoyote yanayoingia ghubani yasafishwe hadi daraja la juu kabisa. Mwaka 1979 mtambo wa Tampa, ambao leo unaitwa Howard F. Curren, ulianza kuondoa sehemu kubwa ya naitrojeni. Ng'ambo ya ghuba, mji wa St. Petersburg ulichukua njia nyingine: kuanzia mwaka 1977 ulisambaza maji yaliyosafishwa kwa mabomba ya pekee ili yamwagilie bustani na viwanja vya michezo badala ya kuingia baharini. Baadaye serikali za mitaa na viwanda, vikiwemo vya mbolea, vilikubaliana kugawana kikomo cha naitrojeni, kila mmoja na mgao wake.

Nyasi hazikurudi mara moja. Zilichukua miaka, maji yakaanza kung'aa, kisha zikaanza kuenea. Lengo lililowekwa lilikuwa takriban hekta 15,400. Mwaka 2014 lilivukwa, na mwaka 2016 vipimo vya picha za ndege vilionyesha karibu hekta 16,900, zaidi ya mwaka 1950. Watu wanaoizunguka ghuba walikuwa wameongezeka mara kadhaa tangu hapo, na ghuba ilikuwa na nyasi nyingi kuliko enzi za babu zao.

Kisha mabomba yakadai chao

Simulizi hii ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini mwaka 2015 St. Petersburg ilifunga mmoja wa mitambo yake minne, ule uliokuwa ufukweni, kwa hesabu kwamba mitatu ingetosha. Agosti mwaka huohuo mvua kubwa ikanyesha. Mwaka uliofuata ikaja dhoruba ya Colin, kisha kimbunga Hermine. Mabomba ya udongo yaliyolazwa miongo kadhaa nyuma yakafyonza maji ya ardhini, mitambo ikazidiwa, na ndani ya miezi kama 13 takriban lita milioni 700 za majitaka zikamwagika, nyingi zikiingia ghubani. Mwaka 2017 mji ukafungwa na makubaliano ya kisheria na serikali ya jimbo kukarabati mtandao wake. Jirani yake, jiji la Tampa, mwaka 2019 lilipitisha mpango wa miaka 20 wa maji safi na majitaka wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2.

Katika miaka hiyohiyo nyasi zikaanza kurudi nyuma. Mwaka 2022 zilikuwa zimeshuka hadi takriban hekta 12,200. Haitakuwa haki kuyatupia mabomba lawama yote. Mvua zimeongezeka, maji yamepata joto, maji ya mitaro ya barabara yana mbolea za bustani, na mwaka 2021 bwawa la taka za kiwanda cha zamani cha mbolea huko Piney Point lilimwaga zaidi ya lita milioni 800 ghubani. Funzo lenyewe ni gumu zaidi ya kumtafuta mkosaji mmoja. Mtambo wa kisasa mwishoni mwa bomba ulirudisha nyasi, lakini bomba lenyewe lilikuwa linazeeka kimya wakati wote wa kusherehekea. Mwaka 2024, vimbunga Helene na Milton vilipopita, majitaka yalifurika tena.

Hawaii walipata jibu la haraka zaidi. Ghuba ya Kāne'ohe, kisiwani O'ahu, ilikuwa imepokea majitaka kwa miongo kadhaa, na mwani wa kijani wenye malengelenge ulikuwa umeyafunika matumbawe na kuyaua. Mwaka 1977 na 1978 mabomba ya majitaka hayo yaligeuzwa, yakapelekwa bahari kuu. Watafiti waliopima upya mwaka 1983 walikuta mwani umepungua sana na matumbawe yanachipua bila mtu kuyapanda. Ghuba ile ina matatizo mengine leo, lakini jaribio lile linajulikana kote duniani kwa wanaosoma miamba.

Kutibu bomba bila kuchimba barabara

Ukarabati huanza kwa kutafuta ugonjwa. Njia ya bei nafuu kabisa ni moshi. Mafundi huziba bomba pande mbili, huweka feni juu ya chemba na kusukuma moshi usio na madhara. Ukitoka kwenye bomba la hewa juu ya paa, nyumba hiyo iko sawa. Ukitoka kwenye majani ya bustani, chini yake kuna ufa. Ukitoka kwenye mfereji wa kukingia mvua, basi mwenye nyumba ameunganisha maji ya paa lake na majitaka, na kila mvua inaponyesha paa lake linaujaza mtambo. Baada ya moshi huingia kamera yenye magurudumu, inayotambaa ndani ya bomba na kurekodi kila ufa na umbali wake kutoka chembani.

Tiba ya kawaida siku hizi ilianzia London. Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza, Eric Wood, alikarabati bomba la zamani eneo la Hackney bila kuchimba mtaa. Hushonwa mfuko mrefu wa kitambaa kizito wenye upana wa bomba, na kuloweshwa rezini. Mdomo wake hufungwa chembani, kisha maji husukumwa nyuma yake hadi ugeuke ndani nje, mithili ya soksi inayovuliwa, ukisonga mbele na kubandika upande wenye rezini kwenye ukuta wa bomba. Maji hayo yakipashwa moto, rezini hukauka na kuwa ngumu. Kwa saa chache kunakuwa na bomba jipya ndani ya bomba la zamani, lisilo na maungio ya kupenya mizizi. Mwishoni hupitishwa mashine yenye kisu inayotoboa upya tundu la kila nyumba.

Njia hii haifai kila mahali. Bomba lililoporomoka lazima lichimbwe, na rezini ina mvuke unaohitaji uangalizi. Na hata bomba la mtaa likiwa jipya, linabaki lile dogo linalotoka nyumbani. Florida, kama sehemu nyingi, bomba hilo ni mali ya mwenye nyumba. Hakuna anayelikagua, na kwa jumla yake huingiza maji mengi sana. St. Petersburg imefika mahali pa kuwarudishia wenye nyumba sehemu ya gharama wakilikarabati, kwa sababu imeona ni nafuu kumsaidia mtu na bomba lake kuliko kujenga mtambo wa kusafisha maji ya mvua.

Pwani yetu

Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa haziko katika hali ya Florida. Kwetu sehemu ndogo tu ya wakazi imeunganishwa na mtandao wa majitaka. Walio wengi wana choo cha shimo au karo, na wapo wanaosubiri mvua ili watapishe choo mtaroni, kwa kuwa gari la kunyonya ni ghali au halifiki uchochoroni. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike na mabomba ya wachache?

Kwa sababu mabomba hayo yako mbele kabisa, ukingoni mwa maji. Mtandao wa zamani wa Dar es Salaam umelala chini ya maeneo ya katikati ya jiji, Upanga na Kariakoo. Sehemu yake huenda kwenye mabwawa ya majitaka, na sehemu nyingine kwa miongo mingi imetegemea bomba linalomwaga baharini bila kusafisha. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, kwa miongo mingi umemwaga majitaka yake kwenye bahari ileile inayotazamwa na hoteli zake, karibu na miamba iliyopimwa na kina Semesi. Mombasa, yenye mtambo wa Kipevu upande wa bara, ina Mkondo wa Tudor ambao mikoko yake imesomwa na watafiti wakitaka kujua inaweza kuchuja majitaka kwa kiasi gani. Mikoko huchuja kweli, lakini ina kikomo. Hakuna msitu unaoweza kuwa mbadala wa mtambo wa mji mzima.

Uwekezaji upo. Dar es Salaam imepata mitambo mipya na mabomba mapya kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya Korea Kusini, na hilo ni jambo la kupongezwa. Wasiwasi uko kwenye desturi tuliyoizoea: mradi mpya una jiwe la msingi, mgeni rasmi na bango, ukarabati hauna. Mtambo mpya ukiunganishwa na mabomba chakavu utapokea maji ya mvua, chumvi na mchanga, na ndani ya miaka michache utakuwa unafungua mlango wake wa dharura kila masika. Miji ya Ghuba ya Tampa ilijua kujenga mitambo bora, na bado ilikamatwa na bomba.

Kuna mambo ambayo hayahitaji mkopo. Mfuniko wa chemba ulioibwa kwenda kuuzwa chuma chakavu huacha tundu linalomeza mchanga, chupa na mvua ya mtaa mzima. Paa lililounganishwa na chemba linaweza kutenganishwa kwa siku moja. Mafuta ya kukaangia yanayomwagwa na vibanda vya chipsi huganda bombani na kuziba njia. Haya yote yamo ndani ya uwezo wa mamlaka ya maji, serikali ya mtaa na wenye nyumba, wakikubali kwamba ni suala la bahari na si la harufu tu.

Kubwa zaidi ni namna ya kupima. Huko Florida nyasi bahari hupigwa picha kutoka angani kila baada ya miaka miwili, na takwimu hiyo ndiyo inayowabana wanaosimamia majitaka. Kwetu mamlaka ya maji huripoti kilomita za mabomba na idadi ya wateja waliounganishwa. Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, na taasisi za utafiti wa bahari na uvuvi, TAFIRI ya Tanzania na KMFRI ya Kenya, zina wataalamu wa kupima nyasi na matumbawe. Ripoti zao na za mamlaka za maji hazisomwi mezani pamoja, na hakuna mkurugenzi wa majitaka anayeulizwa mwishoni mwa mwaka nyasi za mbele ya mji wake zimeongezeka au zimepungua.

Aulizwe. Akiulizwa mara moja hadharani, bungeni au katika baraza la madiwani, atakwenda kumtafuta mtafiti wa bahari, naye mtafiti atamwonyesha ni bomba gani la kuanza nalo. Bajeti ya kuziba itapata mtetezi ambaye leo haina, kwa sababu kwa mara ya kwanza kazi ya fundi aliye chini ya barabara itakuwa na matokeo yanayohesabika kwa hekta.